Aksum: Jinsi majabali yalivyosimamishwa kabla ya zama za mvuke

Katika uwanja wa makaburi ya kale mjini Aksum, kaskazini mwa Ethiopia, limelala jiwe lililovunjika vipande vipande. Kama lingekuwa limesimama, lingefika urefu wa mita 33 hivi, na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 520. Pande zake zote nne zimechongwa kwa mfano wa jumba la ghorofa 13, lenye mlango chini, safu za madirisha juu yake, na ncha za boriti zinazojitokeza ukutani kana kwamba ni mbao za kweli. Yote hayo yamechongwa katika jiwe moja lisilo na kiungo. Ni miongoni mwa mawe makubwa kabisa ambayo binadamu amewahi kujaribu kuyasimamisha wima. Kwa kauli ya wataalamu wengi, halikupata kusimama hata siku moja: lilianguka lilipokuwa likiinuliwa, yapata miaka 1,700 iliyopita.

Hatua chache kutoka hapo limesimama jingine la aina ile ile, lenye urefu wa takribani mita 21 na uzito wa tani 160 hivi. Hilo halijaanguka tangu liliposimamishwa. Limeinama kidogo tu.

Mawe haya mawili yalichimbwa katika eneo moja, yakachongwa kwa mtindo mmoja na kusimamishwa na watu wa dola moja ambao hawakuwa na injini, nyaya za chuma wala kreni. Mtu akitaka kufahamu jinsi majabali yalivyoinuliwa kabla ya nguvu ya mvuke, ni vyema aanze na lile lililolala. Lililosimama limefunika shimo lake na kuficha msingi wake. Lililoanguka limeacha kila kitu wazi.

Dola iliyosimamisha nguzo

Aksum ilikuwa dola yenye nguvu kubwa katika karne za kwanza za Ukristo. Kupitia bandari yake ya Adulis, katika mwambao wa Bahari ya Shamu, ilifanya biashara ya pembe za ndovu na bidhaa nyingine na Misri, Uarabuni na Bara Hindi. Ilipiga sarafu zake yenyewe za dhahabu, fedha na shaba. Katika karne ya tatu, Mani, mwasisi wa dini ya Umani huko Uajemi, aliitaja Aksum kuwa mojawapo ya falme nne kubwa duniani, pamoja na Roma na Uajemi.

Nguzo kubwa zilichongwa katika karne ya tatu na ya nne. Zilikuwa alama za makaburi. Chini ya uwanja huo mna vyumba vya mawe na njia za chini kwa chini walimozikwa wakuu wa dola, na mojawapo ya makaburi hayo, lenye matao ya matofali ya kuchoma, lilifunuliwa mwaka 1974 na Neville Chittick. Wasomaji wa Afrika Mashariki hulikumbuka jina hilo kwa sababu nyingine: ndiye mwanaakiolojia aliyefukua magofu ya Kilwa Kisiwani kabla ya kuhamishia majembe yake Ethiopia. Katika miaka ya 1990 kazi ya Aksum iliendelezwa na David Phillipson, na mengi yanayoelezwa leo kuhusu nguzo hizo yametokana na utafiti wa wawili hao, pamoja na vipimo vilivyochukuliwa na msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Enno Littmann mwaka 1906.

Wapo wanaosimulia kwamba mawe haya yaliinuliwa kwa nguvu ya Sanduku la Agano, ambalo Kanisa la Othodoksi la Ethiopia linaamini limehifadhiwa mjini humo humo. Hiyo ni imani ya watu na ina heshima yake. Lakini yapo pia masimulizi ya siku hizi, yanayosambazwa kwa video na vitabu vya kuuza haraka, yanayodai kwamba wageni kutoka sayari nyingine, au taifa fulani lililopotea, ndio waliofanya kazi hii na ile ya Misri. Masimulizi hayo hayana heshima yoyote kwa waliofanya kazi yenyewe. Yanawanyang'anya Waafrika jasho lao kwa hoja moja tu, kwamba msimulizi haelewi jinsi ilivyofanyika. Nguzo Kuu iliyovunjika inawajibu watu hao kwa urahisi, maana nguvu zisizo za kibinadamu zisingekosea hesabu.

Kulitoa jiwe mwambani

Jiwe la nguzo ni gumu, la jamii inayokaribiana na matale, na wenyeji huliita hivyo hivyo. Lilitolewa katika kilima cha Gobedra, umbali wa kilomita nne hivi magharibi mwa mji. Machimbo yangali yanaonekana. Juu ya mwamba kuna mistari ya vitundu vya mstatili, kimoja baada ya kingine, kama mshono wa nguo. Mafundi walitoboa vitundu hivyo kwa tindo, wakapachika kabari ndani yake na kuzigonga kwa zamu hadi mwamba ukapasuka kufuata mstari. Mahali pengine mistari ipo lakini mwamba haukupasuka, na kazi iliachwa hapo hapo.

Wamisri wa kale walifuata njia tofauti. Huko Aswan, mahali pa kutumia kabari, waliponda matale kwa mawe ya mviringo yaliyo magumu zaidi, wakachimba mfereji kulizunguka jiwe zima. Malkia Hatshepsut aliandika katika mnara wake wa Karnak kwamba kazi ya machimboni ilichukua miezi saba. Mnara huo bado umesimama, una urefu wa karibu mita 30 na uzito unaozidi tani 300. Lakini katika machimbo yale yale ya Aswan umelala mwingine wenye urefu wa takribani mita 42, ambao ungezidi tani 1,000. Haukutolewa kamwe. Nyufa zilijitokeza mafundi walipokuwa wamekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi, wakaweka chini mawe yao ya kupondea na kuondoka. Mhandisi na mtaalamu wa mambo ya kale Reginald Engelbach aliuchunguza na kuchapisha utafiti wake mwaka 1922, na karibu yote tunayojua kuhusu uchimbaji wa minara ya Misri yanatokana na mnara huo ulioshindikana.

Kulivuta

Ushahidi bora wa namna mawe makubwa yalivyovutwa unapatikana pia Misri, katika kaburi la mtawala wa jimbo aliyeitwa Djehutihotep, lililoko Deir el-Bersha na lenye umri wa karibu miaka 3,900. Ukutani imechorwa sanamu yake kubwa mno, ikiwa juu ya chombo cha mbao kisicho na magurudumu, chenye miguu miwili ya kuteleza. Imefungwa kwa kamba, na watu 172 wanaivuta katika safu nne. Mtu mmoja amesimama juu ya magoti ya sanamu akipiga makofi ili wote wavute kwa pamoja. Mwingine amesimama mbele kabisa ya chombo, akimwaga maji ardhini.

Kwa muda mrefu umwagaji huo wa maji ulidhaniwa kuwa ibada tu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walilijaribu jambo hilo maabara. Waligundua kwamba mchanga ukiloweshwa kwa kiasi kinachofaa haujikusanyi mbele ya chombo, na nguvu inayohitajika hupungua kwa karibu nusu. Maji yakizidi, chombo hukwama tena. Yule mtu wa mbele, basi, alikuwa na kazi ya ufundi.

Sanamu hiyo inakadiriwa kuwa na uzito wa tani 58. Ukigawanya uzito huo kwa watu 172, kila mtu anavuta mzigo wa kilo 340 hivi. Kwa kipimo hicho hicho, nguzo ya Aksum iliyosimama ingehitaji wavutaji wapatao 475, na Nguzo Kuu ingehitaji zaidi ya 1,500. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, maana njia ya Gobedra ina miinuko na mawe, nayo si mchanga wa bonde la Nile. Hata hivyo inatuonyesha ukubwa wa kazi: watu mia kadhaa kwa jiwe moja, zaidi ya elfu moja kwa jingine. Idadi hiyo haipiti uwezo wa dola iliyokuwa ikivusha majeshi hadi Yemen.

Wengine wameuliza kuhusu tembo. Ni kweli kwamba tembo walikuwa wengi. Nonnosus, balozi wa Bizanti aliyepita huko katika karne ya sita, aliripoti kuona kundi la maelfu yao kati ya Adulis na Aksum. Lakini hakuna mchoro wala maandishi yanayoonyesha tembo wakivuta nguzo, na hesabu ya watu inatosha bila wao.

Aliyewahi kuona watu wa pwani wakivuta jahazi kutoka majini atakuwa na picha ya jambo hili. Chombo kinachowashinda watu ishirini wanaovuta kila mmoja kwa wakati wake, huondoshwa na kumi na watano wanaovuta kwa pumzi moja. Neno "harambee", kabla halijawa wito wa kitaifa nchini Kenya, lilikuwa ni sauti ya kazi ya namna hii hasa, ya kupatanisha mikono. Mpiga makofi wa Deir el-Bersha alikuwa akifanya jambo lilo hilo.

Kulisimamisha

Kulivuta jiwe ni kazi nzito, lakini kosa likitokea jiwe husimama tu na watu wakapumzika. Kulisimamisha ni jambo jingine, kwa kuwa kosa moja halina marudio.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi kuhusu Aksum ni haya. Kwanza walichimba shimo, ukuta wake mmoja ukiwa wima na kuimarishwa kwa mawe, na upande wa pili ukiwa mteremko. Kisha walijenga tuta refu la udongo na kifusi lenye kupanda taratibu kuelekea shimo. Nguzo ilivutwa juu ya tuta, kitako kikitangulia, hadi kitako kikavuka ukingo. Hapo uzito wenyewe ukaanza kufanya kazi: kitako kikateremka shimoni na kuuegemea ule ukuta ulio wima, na ncha ikainuka. Nguzo ikawa imelalia tuta kwa mshazari. Hatua iliyobaki ilikuwa kuivuta kwa kamba kutoka upande wa mbele, huku mitaimbo ya mbao ikiisukuma kwa nyuma na udongo ukishindiliwa chini yake kila ilipopanda shubiri moja, ili isirudi.

Faida ya tuta ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Jiwe la tani 520 likiwa limelala kabisa, anayetaka kuiinua ncha yake lazima abebe zaidi ya tani 200. Likiwa limekwisha kuinamishwa na tuta, mzigo huo hupungua sana, na huendelea kupungua kadiri jiwe linavyokaribia kusimama. Mtu aliyewahi kusimamisha ngazi ndefu ukutani anajua kwamba uzito uko mwanzoni.

Hatari, lakini, iko mwishoni. Nguzo inapokaribia wima, haihitaji tena kuvutwa; inahitaji kuzuiwa. Kitovu cha uzito wake kikipita juu ya kitako na kwenda upande wa pili, hakuna idadi ya watu inayoweza kuirudisha. Kwa hiyo palihitajika kamba za nyuma, zilizoshikwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuachia kidogo kidogo, na mtu mmoja aliyeamua ni lini upande wa mbele uache kuvuta.

Tunaweza kuona jinsi hofu ya dakika hiyo ilivyokuwa, kwa sababu kazi ya aina hiyo iliandikwa kwa kina mjini Roma mwaka 1586. Papa Sixtus V alimwagiza Domenico Fontana kuuhamisha mnara wa Misri uliokuwa Vatican, wenye urefu wa mita 25 na uzito wa zaidi ya tani 300, na kuusimamisha mbele ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Fontana alitumia mamia ya wafanyakazi, makumi ya farasi na takribani winchi 40 za mbao. Amri zilitolewa kwa tarumbeta na kengele, na watazamaji walionywa kwamba atakayefungua mdomo wake angeadhibiwa vikali. Husimuliwa kwamba baharia mmoja aliivunja amri hiyo na kupaza sauti, "Maji kwenye kamba!", alipoona zinaanza kufuka kwa joto la msuguano, na kwamba Papa alimzawadia badala ya kumwadhibu. Hadithi hiyo haina ushahidi wa wakati wake. Amri ya kunyamaza, hata hivyo, ilikuwa ya kweli, na sababu yake inaeleweka: palipo na winchi 40, neno moja lisilo mahali pake laweza kuangusha kila kitu.

Kwa nini Nguzo Kuu ilianguka

Turudi sasa kwenye jiwe lililolala. Kosa lake linaonekana kwenye kitako. Sehemu ambayo haikuchongwa, iliyokusudiwa kuzikwa ardhini, ni fupi mno kwa jiwe la urefu ule. Mti mrefu wenye mzizi mfupi hauhitaji dhoruba. Nguzo zilizosimama zilizikwa kwa kina kilichozitosha, lakini waliochonga hii walitaka kimo kuliko kila kitu kingine, na kila mita waliyoionyesha juu waliipunguza chini. Uzito nao uliongezeka kupita kiasi: Nguzo Kuu ni ndefu kuliko ile ya mita 21 kwa nusu yake hivi, lakini ni nzito zaidi ya mara tatu, kwa sababu jiwe likirefushwa bila kunenepeshwa litakatika, na likinenepeshwa uzito huruka.

Ilipoanguka, ncha yake iligonga kaburi la jirani linaloitwa Nefas Mawcha. Kaburi hilo lilifunikwa kwa bamba moja la jiwe lenye urefu wa mita 17, upana wa zaidi ya mita 6, na uzito unaokadiriwa kuwa tani 360. Kishindo kiliiponda ncha ya nguzo na kuzisambaratisha nguzo ndogo zilizolishikilia bamba, likashuka na kulala upandeupande, kama linavyoonekana hadi leo. Idadi ya watu waliokuwa chini siku ile haikuandikwa popote.

Hakuna nguzo kubwa ya namna ile iliyochongwa baadaye. Katika nusu ya kwanza ya karne ya nne Mfalme Ezana aliingia Ukristo, na alama ya msalaba ikachukua nafasi ya mwezi mwandamo na duara katika sarafu zake. Wafalme waliofuata walizikwa kwa desturi nyingine. Wapo wataalamu wanaojiuliza iwapo anguko lile lilichangia kuifunga desturi ya zamani; jambo hilo ni la kukisia, ingawa ni vigumu kuamini kwamba watu waliolishuhudia hawakulisoma kama ishara.

Si kazi ya wafalme peke yao

Isidhaniwe kwamba kila jiwe lililosimamishwa lilihitaji mfalme. Magharibi mwa Ziwa Turkana, nchini Kenya, wafugaji wa karibu miaka 5,000 iliyopita walijenga makaburi ya pamoja yaliyozungukwa na nguzo za mawe. Katika eneo la Lothagam Kaskazini, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa humo, wanaume kwa wanawake, watoto kwa wazee, bila dalili kwamba baadhi yao walitukuzwa kuliko wengine. Na huko Konso, kusini mwa Ethiopia, mawe yangali yanasimamishwa katika vijiji ili kuadhimisha rika linalopokea madaraka. Mawe hayo ni madogo yakilinganishwa na ya Aksum, lakini huvutwa kwa mikono na kwa nyimbo.

Baada ya mvuke

Hata mvuke ulipopatikana, haukuipokea kazi hii mara moja. Mwaka 1836 mnara wa Luxor, wenye uzito wa tani 230 hivi, ulisimamishwa katika uwanja wa Concorde jijini Paris. Mhandisi Apollinaire Lebas alikuwa ameandaliwa mashine ya mvuke. Mashine ilishindwa, na mnara uliinuliwa kwa winchi zilizozungushwa na askari wa mizinga, kama Fontana alivyofanya miaka 250 kabla yake.

Nguzo ya pili ya Aksum kwa ukubwa, yenye urefu wa mita 24 na uzito wa takribani tani 150, ilikuwa imelala ikiwa imevunjika wakati majeshi ya Mussolini yalipoivamia Ethiopia. Mwaka 1937 Waitalia waliichukua na kuisimamisha Roma, mbele ya wizara yao ya makoloni. Mkataba wa amani wa mwaka 1947 uliitaka Italia irudishe mali zilizoporwa katika muda wa miezi 18. Ulirefuka kuwa miaka 58. Mwezi Aprili 2005 nguzo ilirejeshwa Aksum katika vipande vitatu, kila kipande kikisafirishwa peke yake kwa ndege kubwa ya mizigo aina ya Antonov.

Mwaka 2008 ilisimamishwa tena, kwa kuunganisha kipande juu ya kipande ndani ya mnara wa vyuma, juu ya msingi mpya, kwa tahadhari nyingi kwa sababu ya makaburi yaliyo chini ya uwanja. Nguzo jirani, ile ya mita 21 ambayo haijawahi kuanguka, ilifungwa mikanda na kuegemezwa ili isitikiswe na kazi ya mashine.